Rangi za Maji Katika Nchi Kavu: Mwongozo kwa Anayeanzia Songwa

Vitabu vingi vinavyofundisha rangi za maji viliandikwa na watu wa nchi zenye ukungu na manyunyu. Vinakuambia ulowanishe karatasi, usubiri kidogo, kisha udondoshe rangi na kuiacha itambae yenyewe. Jaribu hivyo Songwa, mkoani Shinyanga, mwezi wa Agosti, saa tano asubuhi, upepo ukivuma kutoka mbugani. Kabla hujachovya brashi mara ya pili karatasi imeshakauka, na pale ulipotaka anga laini pana mstari mgumu wa rangi. Anayeanza hujitazama mikono na kudhani hana kipaji. Kipaji hakihusiki hapo. Mkoa wa Shinyanga hupata milimita 600 hadi 900 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Mei. Miezi iliyobaki hewa hunyonya maji popote inapoyakuta.

Mwongozo huu basi unauchukulia ukavu kuwa sharti la kwanza, mengine yafuate. Nimeuandika kwa mtu mzima mwenye kazi yake nyingine: mwalimu, muuguzi, mkulima wa pamba wa Kishapu, mstaafu wa mgodi wa almasi wa Mwadui, mchimbaji mdogo anayerudi nyumbani kutoka Geita mwisho wa mwezi. Hutafuti riziki hapa. Unataka saa moja ya kutazama kitu kwa makini na kukiweka kwenye karatasi.

Wala usikubali mtu akuambie kwamba huo ni mchezo wa wageni. Mwaka 1861 Mskoti James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile, alipita Unyamwezi na Uzinza, nchi ambayo leo sehemu yake imo Mkoa wa Geita, akichora kwa rangi za maji njiani. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Wasukuma nao walikuwa na uchoraji wao. Bayeye, yaani wacheza nyoka, walichora kuta za ndani za nyumba zao za mafunzo, na Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtafiti wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliikusanya michoro hiyo katika kitabu kilichotoka London mwaka 1953. Kwa hiyo mkono unaochora katika nchi hii si jambo la jana.

Pesa iende kwenye karatasi

Ukiwa na pesa kidogo, nunua rangi za bei nafuu na karatasi nzuri. Wengi hufanya kinyume. Wanavutiwa na boksi lenye vidonge ishirini na vinne vya rangi, halafu wanapaka kwenye karatasi ya fotokopi. Karatasi hiyo ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Ikiguswa na maji inajikunja, inafanya mabonde, rangi inakusanyika mabondeni, na ukiipitisha brashi mara ya tatu inatoa manyoya. Karatasi ya rangi za maji ina gramu 300, ni nene, na imetiwa gundi maalumu inayozuia maji yasizame upesi. Hapo ndipo rangi inapata muda wa kutembea.

Karatasi bora kabisa hutengenezwa kwa pamba tupu. Kiwanda cha Arches huko Ufaransa kinatengeneza karatasi tangu karne ya 15. Ndiyo, pamba hiihii inayotoka Kishapu kwa marobota. Inaondoka nyuzi, na karatasi yake ukiikuta dukani Dar es Salaam bei inakufanya urudishe mkono. Usihangaike nayo mwaka wa kwanza. Tafuta ya gramu 300 iliyotengenezwa kwa nyuzi za mti, mwombe ndugu aliyeko Mwanza au Dar akununulie pedi moja na kuituma kwa basi ishukie Maganzo au Shinyanga mjini. Kata kila karatasi vipande vinne. Pande zote mbili zinapakika, hivyo ya kwanza ikiharibika igeuze.

Wakati unaisubiri, manila ya madukani inafaa kwa penseli na kwa mazoezi ya rangi moja, ilimradi usiimwagie maji. Ibane kwenye kipande cha plaiwudi au hadibodi kwa tepu ya karatasi wanayotumia mafundi wa kupaka magari rangi. Hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Tepu ikitoka inaacha ukingo mweupe ulionyooka, na picha hata ikiwa mbaya inaonekana kama ilikusudiwa.

Brashi mbili zinatosha. Moja ya mviringo yenye ncha, namba 10 au 12, ndiyo ya kazi karibu yote. Nyingine namba 4 au 5 kwa matawi na kamba za ng'ombe. Nyuzi za kutengenezwa kiwandani zinafaa. Ipime dukani ukiruhusiwa: ilowanishe, ikung'ute, uone kama ncha inajikusanya. Brashi zinazokuja ndani ya maboksi ya watoto hunyofoka nywele zikabaki kwenye picha. Ukimaliza kazi ioshe, inyooshe ncha kwa vidole, ilaze. Kuiacha imesimama ndani ya kopo la maji usiku kucha ni kuiua.

Sahani nyeupe ya bati au ya kauri ndiyo ubao wako wa kuchanganyia. Makopo mawili ya maji: moja la kuoshea brashi, jingine la maji safi ya kuchanganyia rangi. Maji ya bwawani yana tope. Yaache yatulie usiku mzima na kuyachuja kwa kitambaa. Ongeza kichupa cha kunyunyizia kama kile cha saluni. Utaona kazi yake.

Rangi tatu, na kijani usinunue

Mrija mzuri wa rangi una alama ndogo ubavuni, herufi na tarakimu, zinazotaja unga uliomo. Majina ya rangi hubadilika kiwanda hadi kiwanda, alama hazibadiliki. Nenda dukani, au mtume mtu, na alama hizi: PB29, bluu iliyokolea ya altramarini, PBr7, kahawia nyekundu ya udongo uliochomwa (alama hiyohiyo hubebwa na kahawia nyingine, hivyo chagua ile yenye wekundu), na PY42 au PY43, njano ya udongo. Hizo tatu zinamaliza karibu kila kitu kilichoko kati ya Maganzo na Mhunze. Baadaye ongeza njano kali na nyekundu moja kwa ajili ya kanga, maua na mabati mapya yanayopigwa rangi.

Kwa nini chache? Kwa sababu bluu hiyo na kahawia hiyo, zikichanganywa, zinatoa kijivu cha kila namna. Bluu ikizidi unapata kijivu cha mawingu ya Novemba. Kahawia ikizidi unapata gome la mbuyu. Zote zikiwa nzito unapata weusi wa udongo wa mbuga, weusi wenye uhai kuliko ule wa mrija. Bluu ya altramarini ina tabia nyingine njema: chembe zake hutuama kwenye vishimo vya karatasi na kuacha vidoa, na vidoa hivyo ndivyo mawe ya itale yalivyo. Ukipaka jiwe kubwa la Usukuma kwa mchanganyiko huo, karatasi inakufanyia nusu ya kazi.

Kijani cha mrija ni mtego. Kinatoka kama plastiki, na hakuna mti wa Shinyanga wenye rangi hiyo hata mvua zikiwa zimekolea. Changanya bluu na njano ya udongo upate kijani kilichofifia cha migunga. Tia kahawia kidogo upate minyaa iliyozunguka kaya. Kuanzia Julai hutahitaji kijani kabisa, maana nchi nzima imegeuka rangi ya majani makavu.

Kama huna mirija, tumia vidonge vya bei nafuu, lakini vipime kwanza. Chora mstari mweusi kwa bolpeni, upake rangi juu yake. Mstari ukionekana vizuri, rangi inapitisha mwanga na itakufaa. Mstari ukizibwa, hiyo ni rangi ya mabango. Pima pia kama inahimili jua: paka ukanda wa karatasi, funika nusu, uubandike dirishani upande wa jua kwa mwezi mmoja. Jua la hapa ni hakimu mkali, na rangi nyingi za maboksi zitakuwa zimekimbia.

Kwa ngozi za watu, itupe ile rangi ya waridi ambayo baadhi ya maboksi huiita rangi ya mwili. Mtu wa Songwa anaanza na kahawia nyekundu nyepesi, kisha tabaka la pili lenye bluu kidogo upande wa kivuli. Paji la uso na mashavu huakisi anga, kwa hiyo pale juu pana ubuluu hafifu. Ukiuona na kuiacha karatasi hapo karibu nyeupe, uso unang'aa. Usitie nyeusi. Nyeusi inaufanya uso kuwa shimo.

Penseli kwanza

Watu wanataka kuruka hatua hii. Rangi za maji hazifichi mchoro mbaya, kwa sababu ni nyepesi na kila kitu kinaonekana chini yake.

Anza na penseli ya 2B iliyochongwa kwa wembe, na mti mmoja. Mbuyu ni mwalimu mzuri kwa kuwa hautikisiki na hauna majani karibu nusu ya mwaka. Kosa la kila anayeanza ni kuchora mbuyu anaoujua: shina nono, matawi kama mizizi iliyopinduliwa. Wewe chora nafasi. Tazama vipande vya anga vilivyo kati ya matawi, umbo la kila kipande, kipi kirefu na kipi kina pembe tatu, ukavichora hivyo. Matawi yatajitokeza yenyewe mahali pake. Kwa vipimo nyoosha mkono, shika penseli wima, fumba jicho moja, linganisha urefu wa shina na upana wa matawi. Wengi hushangaa kuona upana umepita urefu.

Kisha chora kwa kivuli tupu, bila mistari. Finya macho hadi mandhari ibaki na sehemu tatu: nyeupe, ya kati, na nyeusi. Kwa zoezi hili makaa ni bora kuliko penseli, na yanatengenezwa nyumbani. Baada ya mavuno mabua ya pamba hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasihamie msimu ujao. Chukua machache yaliyonyooka, unene wa penseli, yapange ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, toboa kitundu kimoja, uliweke jikoni juu ya moto. Moshi utatoka kwenye kitundu. Ukikoma, ondoa kopo na uliache lipoe bila kulifungua. Ukilifungua likiwa la moto, mabua yatashika moto na utabaki na majivu.

Ng'ombe, mbuzi na watoto hawatulii. Usipigane nao. Anza ng'ombe watano kwenye ukurasa mmoja. Huyu akigeuka unahamia kwa yule, na baada ya muda, yule wa kwanza atarudi kwenye mkao wake wa mwanzo, maana ng'ombe ana mikao michache tu. Mnadani ni mahali pazuri, watu wanatazama mifugo na hakuna anayekutazama wewe. Chora kwa bolpeni ukitaka kuzoea kutofuta. Wino wake una mafuta, kwa kawaida hauchafuki ukipakwa rangi za maji juu yake. Peni za wino wa jeli huvuja. Jaribu pembeni mwa karatasi kabla ya kuamini.

Kuyawahi maji

Sasa turudi kwenye ukavu. Rangi za maji ni unga wa rangi uliofungwa kwa utomvu wa mgunga, na kila kinachotokea kwenye karatasi hutegemea maji yamebaki kiasi gani. Karatasi ikiwa inang'aa kwa maji, rangi inatawanyika kama moshi. Mng'ao ukianza kufifia, rangi inakaa ulipoiweka lakini kingo zake ni laini. Huo ndio wakati mtamu, na Uingereza unaweza kudumu dakika kadhaa. Songwa wakati wa kiangazi unaweza kuwa umepita kabla hujaamua. Karatasi ikiwa nusu kavu na ukaongeza brashi iliyojaa maji, maji mapya yanasukuma rangi ya zamani na kuacha doa lenye kingo za maua. Wengi huchukia madoa hayo. Mimi nayapenda yakitokea kwenye mawingu, nayachukia yakitokea usoni mwa mtu.

Ili kuurefusha wakati huo, kwanza chagua saa. Paka kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Mchana hautakufaa hata kwa mwanga. Songwa iko kama nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hukaa utosini katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na kwa saa yetu ya Afrika Mashariki kilele chake ni karibu saa saba kasorobo, si saa sita kamili. Wakati huo vivuli vimejificha chini ya vitu na kila kitu ni bapa. Asubuhi na jioni kivuli cha mbuyu kinalala shambani kwa urefu, nacho ndicho kinachoonyesha ardhi imeinama wapi.

Pili, lowanisha karatasi pande zote mbili na uilaze juu ya kitambaa kilicholoa. Chini ikiwa na maji, juu inachelewa kukauka. Nyunyiza hewani kwa kile kichupa cha saluni, usinyunyize moja kwa moja. Tatu, tia matone mawili au matatu ya glisirini, ileile ya kujipaka, kwenye kopo la maji safi. Inazuia maji yasitoke haraka. Ukizidisha, picha itanata hadi kesho na vumbi lote la kijiji litaingia humo. Nne, fanya picha ndogo. Nusu ya karatasi ya A4 inatosha sana. Anga ya ukubwa huo unaimaliza kwa mapigo sita ya brashi kubwa.

Changanya rangi ya kutosha kabla ya kugusa karatasi. Hili ndilo linaloharibu anga nyingi: mtu anafika katikati, rangi inaisha sahanini, anaanza kuchanganya nyingine, na akirudi anakuta mstari. Inamisha ubao kidogo, anzia juu, acha tone refu la rangi lishuke ukingoni mwa kila pigo, lichukue kwa pigo linalofuata hadi chini, kisha lifyonze kwa brashi iliyokamuliwa. Usirudi juu kurekebisha. Ikauke. Itakauka ikiwa imefifia kuliko ulivyoipaka, kwa hiyo ikolee kidogo mapema.

Nyeupe haipakwi. Nyeupe ni karatasi uliyoiacha, na hivyo kazi inaanza na sehemu nyepesi kwenda nzito. Shamba la pamba mwezi wa Juni ni mtihani wa haya yote: mamia ya vitumba vyeupe juu ya kahawia. Huwezi kuvizunguka kimoja kimoja. Sugua ncha ya mshumaa mweupe mahali unapotaka vitumba, kisha paka kahawia juu. Nta inaikataa rangi na pamba inabaki nyeupe, tena kwa kingo zilizochanika kama pamba yenyewe. Fanya majaribio kwenye kipande kingine, kwa sababu mshumaa hauonekani unapousugua na hauondoki ukikosea.

Udongo wa kwenu ndani ya sahani

Ukifika hapa na mkono umezoea, tengeneza rangi yako. Wasukuma wana majina ya udongo kwa namna yake: luseni wa kichanga karibu na mawe, itogolo bondeni, ibambasi mgumu usiopitisha maji, mbuga mweusi unaopasuka kiangazi. Usukuma ni miongoni mwa nchi ambazo wataalamu wa udongo wa enzi ya ukoloni walichunguza jinsi udongo unavyobadilika kutoka kilimani hadi bondeni. Mkulima aliyajua hayo kwa jembe. Mchoraji anatafuta zaidi ule mwekundu na wa njano wenye chuma, kama wa kwenye kingo za barabara za changarawe.

Onyo kabla ya hatua yoyote. Usichukue udongo kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, kwenye makarasha ya kusagia mawe wala kwenye marudio, yaani mabaki ya dhahabu, hata ukiwa mwekundu wa kupendeza namna gani. Wachimbaji wadogo wa Geita, Kahama na kwingineko hukamatia dhahabu kwa zebaki, na marudio mengine hupitishwa kwenye sayanidi. Zebaki haionekani ndani ya tope na haiishi. Mabaki ya mgodi wa almasi nayo yaache, si mali yako na walinzi hawana mzaha. Na kwa rangi yoyote ile, iliyonunuliwa au iliyotengenezwa, usilambe ncha ya brashi. Wengi wana tabia hiyo, iache leo.

Chukua udongo wa shambani kwako, kikombe kimoja. Uanike, uutwange, uukoroge kwenye ndoo ya maji, hesabu hadi kumi ili mchanga uzame, kisha mimina yale maji yenye rangi kwenye chombo kingine. Rudia mara tatu. Acha yatulie hadi kesho yake, mwaga maji yaliyo juu, kausha tope laini lililobaki. Huo ndio unga wako. Funika pua kwa kitambaa unapousaga. Vumbi la udongo na mapafu havipatani.

Gundi ni utomvu wa mgunga, unaookotwa katika misitu ya kanda hii na kuuzwa. Loweka sehemu moja ya utomvu katika sehemu mbili za maji ya moto usiku kucha, chuja takataka, tia asali kidogo ili rangi isipasuke ikikauka, na tone la mafuta ya karafuu ili isiote ukungu. Mimina gundi juu ya unga kwenye kipande cha kioo na uvisage pamoja kwa kitako cha chupa hadi usisikie chembe. Ikikauka na bado inatoka kwenye kidole kama vumbi, gundi ni kidogo. Iking'aa na kupasuka, gundi imezidi. Masizi ya kibatari yanakupa nyeusi kwa njia hiyohiyo. Bluu tu ndiyo huipati ardhini. Ni ya kununua. Kuna bluu ya unga ya kufulia mashati ambayo asili yake ni altramarini, iliyoanza kutengenezwa kiwandani Ufaransa miaka ya 1820, lakini za siku hizi nyingi ni rangi za nguo zinazofifia, kwa hiyo ipitishe kwenye kipimo cha dirishani kwanza.

Kukaa nje na kalamu

Katika ukanda wa madini, mtu anayekaa kimya akitazama ardhi na kuandika kwenye karatasi hazui maswali madogo. Ni mpimaji? Ametumwa na kampuni? Kuna leseni inakuja? Muone mwenyekiti wa kitongoji, mweleze, mwonyeshe daftari. Salimia: mwangaluka asubuhi, mwadila jioni, na shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri. Uzio wa mgodi usiukaribie, na ukitaka kuchora malundo ya Mwadui yachore kutoka mbali, ambako kwa kweli ndiko yanakoonekana vizuri, kijivu juu ya nchi ya njano. Ndani ya eneo hilo alichimba John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi pale mwaka 1940, na mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5 alilozawadiwa Malkia Elizabeth akiwa bado binti mfalme. Waridi hiyo huhitaji kuinunua. Hutaikuta mahali pengine popote katika mandhari.

Mtu anayechorwa aombwe kwanza, na ukimaliza aonyeshwe. Akitaka picha, mpe. Mama akikataa mwanawe asichorwe, funga daftari bila kuuliza sababu.

Ukiegemea uzio wa minyaa, usivunje kijiti. Utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na mchoraji mwenye vidole vya utomvu hujisahau akajifuta uso.

Pa kwenda: ngitili, zile sehemu za malisho zilizofungwa zipumzike, ambazo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulizifufua kuanzia mwaka 1986 hadi zikapita hekta 300,000. Humo utapata migunga ya umri mbalimbali na kivuli cha kukaa. Siku ya mapumziko panda gari hadi Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora aliyoyaanzisha Padri David Clement. Ngoma, viti vya watemi na vyombo vya nyumbani ni vitu vya kuchora siku nzima bila upepo wala ng'ombe wanaohama. Mwalimu ukimhitaji, tafuta fundi wa mabango mjini. Hachori kwa rangi za maji, lakini anajua kuongoza brashi kwa mkupuo mmoja bila kutetemeka, na hilo halifundishwi na kitabu.

Kazi zako ziweke kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali. Mchwa wa Shinyanga hawabagui karatasi ya gharama na gazeti. Nyuma ya kila picha andika mahali, tarehe na saa, kwa penseli. Wino utapenya mbele.